Uvimbe Uliofuata Mbu

Kulesa ni kijiji cha Wapokomo ukingoni mwa Mto Tana, jirani na Wema na Hewani, mwendo si mrefu kutoka Garsen. Mto ukifurika, maji hupanda mashambani, mpunga hushiba, migomba hustawi, na yakirudi huacha tope la rutuba pamoja na madimbwi yasiyo na idadi. Jua la huko ni kali, na ardhi yenyewe imeinuka mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Joto, maji yaliyotuama, na watu wanaolala karibu na vyote viwili: mbu hataki zaidi ya hapo. Mama wa Kulesa humjua mwanawe kuwa ana homa kwa kumgusa shingo tu.

Asichoambiwa mara nyingi ni kwamba homa hiyo, ikimrudia mtoto tena na tena katika miaka yake ya mwanzo, inaweza kuufungulia mlango ugonjwa usiofanana nayo hata kidogo, yaani saratani ya taya. Wala haambiwi kwamba ni kwa watoto wa mabonde na pwani kama hii ndiko madaktari wa dunia walikojifunzia namna saratani inavyoanza, inavyosambaa na inavyoikaidi dawa. Masimulizi yenyewe yanaanzia Kampala.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari aliyejipatia jina kwa kuchunguza kwashiakoo, alimwita mwenzake wa Hospitali ya Mulago amtazamie mtoto wa miaka mitano. Mwenzake huyo alikuwa Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, mtu aliyebaki na jicho moja tangu utotoni na aliyewahi kupita Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Jipu halitokei mahali pane kwa mpigo, na uvimbe wa kawaida vilevile hautokei hivyo. Alimpiga picha, akaenda zake bila jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa kazini Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona msichana ameketi nje na mamake, uso wake umevimba vile vile. Alitoka mbio. Tumboni mwa msichana pia mlikuwa na uvimbe. Burkitt akarudi Mulago kufukua mafaili, na humo akawakuta watoto wengi wa namna hiyo wametawanywa katika majina tofauti ya magonjwa: huyu uvimbe wa taya, huyu wa figo, huyu wa ini, huyu wa ovari. Hakuna aliyekuwa amewakusanya pamoja. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza, na haikusomwa na wengi. Baadaye wataalamu wa maabara ya Mulago, akiwemo Greg O'Conor, walionyesha kwamba vimbe zote hizo ni kitu kimoja: limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili.

Swali lililomkera Burkitt lilikuwa jepesi. Mgeni kutoka Afrika Kusini alimwambia kwamba kwao watoto hawaugui hivyo. Kwa nini basi Uganda? Aliomba fedha akapewa pauni 25. Sikukosea tarakimu. Kwa pauni hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto, akazituma katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza: mmewaona hawa? Majibu yaliporudi alichomeka pini kwenye ramani. Pini zikajipanga mkanda mpana katikati ya bara, ukiwa na mkia unaoteremka upande wa mashariki, kwenye nchi za chini zinazoelekea Msumbiji.

Tarehe 7 Oktoba 1961 aliamua kwenda kuutafuta mpaka wa mkanda huo kwa macho yake. Alifuatana na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa Kuluva huko West Nile, aliyekuwa pia stadi wa kutengeneza magari, na Cliff Nelson. Walipanda Ford ya mwaka 1954 iliyonunuliwa kwa pauni 250. Kwa wiki 10 walikata kilomita kama 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama kwenye hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile. Watafiti wa leo wenye kompyuta za mamilioni hukiri kwamba safari ile ilikuwa miongoni mwa kazi zenye tija kubwa kuliko gharama yake katika historia ya saratani.

Walichorudi nacho ni hiki. Karibu na ikweta, ugonjwa haupandi juu ya mita kama 1,500. Kadiri unavyoenda kusini, ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Alexander Haddow wa taasisi ya virusi ya Entebbe, mtu aliyewajua mbu kuliko wengi, aliitazama ramani akasema kinachopimwa hapo si urefu wa mlima, ni joto. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 au mvua ya mwaka haifiki sentimita 50, ugonjwa haupo. Hiyo ni ramani ya mbu.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya Tana. Garsen ni pakavu kuliko Malindi au Lamu, na mtu akitazama kipimo cha mvua peke yake anaweza kudhani bonde hili limesalimika. Lakini Kulesa hainywi mvua yake tu. Maji yanayoifunika huanguka kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, kisha husafiri mamia ya kilomita nyikani hadi kufika kwa Wapokomo. Mvua ya mtu mwingine inamzalia mbu wa hapa. Katika El Niño ya 1997 na 1998 mto ulivunja hata kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa delta. Ramani ya mbu inayotegemea mvua pekee haiwezi kuliona bonde kama hili.

Zanzibar ilitoa ushahidi wa upande wa pili. Unguja na Pemba zina joto na mvua tele, kwa hiyo zilistahili kuwemo kwenye mkanda. Lakini kampeni ya kupambana na malaria visiwani ilikuwa imeshika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Burkitt aligundua kwamba saratani hii haionekani huko kama inavyoonekana bara. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, waliokuwa wakichunguza watoto wa Kenya, waliandika waziwazi kwamba ugonjwa unafuatana na malaria nzito. Kwa wakati ule wengi walikuwa wakiwinda kirusi kinachobebwa na mbu, hivyo hoja ya malaria ilikaa pembeni kwa muda.

Kirusi nacho kilipatikana, ila si kile cha mbu. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyekuwa amefanya kazi na kirusi kinachowapa kuku saratani. Aliposikia kwamba kuna saratani inayofuata joto na mvua, hakungoja mhadhara upoe. Wakakubaliana: Kampala itatuma vipande vya vimbe kwa ndege, naye atavitafuta virusi kwa darubini ya elektroni. Kwa miaka zaidi ya miwili hakuona kitu.

Siku moja ya Desemba 1963 ukungu uliifunga London, na ndege yenye kipande kutoka Uganda ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia Epstein kwa kuchelewa, maji yake yalikuwa yameingia ukungu pia. Mtu mwingine angeyamwaga, akidhani yameoza kwa bakteria. Epstein alichukua tone moja akaliweka chini ya darubini ya kawaida, akaona kwamba ule weupe ni chembe za saratani zenyewe, hai, zikielea huru baada ya kutikiswa njiani. Tangu hapo yeye na msaidizi wake Yvonne Barr waliweza kuzikuza katika chupa. Februari 1964, ndani ya chembe hizo, kirusi kikaonekana. Machi mwaka huo Epstein, Barr na Bert Achong wa Trinidad walikitangaza, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu. Leo kinaitwa Epstein-Barr.

Furaha hiyo ilileta fumbo. Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia walipopima damu za watu, walikuta karibu kila mtu duniani amewahi kuambukizwa kirusi hicho. Kinapita kwenye mate. Katika vijiji vyetu, ambako mama humtafunia mwanawe chakula na ndugu hunywa kikombe kimoja, mtoto hukipata kabla hajafikisha miaka mitatu, na hukaa nacho maisha yake yote bila madhara. Kirusi kiko London na kiko Kulesa. Mbona saratani hii ni adimu London?

Jibu lilianza kukusanywa Nairobi. Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, alikuwa akiwatibu watoto hawa na kutuma vipande vya vimbe zao kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein wa Taasisi ya Karolinska. Katika uhusiano huo wa Nairobi na Stockholm lilitokea jambo ambalo naliona kuwa zuri kuliko yote katika historia hii, kwa sababu malaria yenyewe ndiyo iliyolifichua.

Kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD. Katika nchi za malaria watu wanacho cha aina mbalimbali, kwa kuwa baadhi ya aina hizo humpa mtu kinga fulani dhidi ya vimelea. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mwanamke ana X mbili, lakini kila chembe ya mwili wake hutumia moja na kuizima nyingine. Kwa hiyo msichana aliyerithi aina A kwa baba na B kwa mama ana mwili wa mchanganyiko: chembe hii A, jirani yake B. Philip Fialkow wa Marekani alipima vimbe za wasichana wa namna hiyo kutoka Nairobi. Kama saratani ingekuwa maradhi yanayoambukiza chembe nyingi kwa pamoja, uvimbe nao ungekuwa mchanganyiko. Haukuwa. Kila uvimbe ulikuwa A tupu au B tupu. Mwaka 1970 matokeo yalichapishwa: taya zima lililovimba, na hata vimbe zilizosambaa tumboni, ni uzao wa chembe moja iliyopotoka.

Kipimo hichohicho kikajibu swali la pili, lililowaumiza madaktari kuliko la kwanza. Watoto hawa waliitikia dawa kwa namna ya kustaajabisha. Dozi moja ya saiklofosfamidi, na uso uliovimba ungenywea ndani ya siku chache. Wengine walipona moja kwa moja. Wengine uvimbe uliwarudia. Katika Uganda Cancer Institute, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967 chini ya John Ziegler na kuongozwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Mganda Charles Olweny, iligundulika kwamba kurudi huko ni kwa namna mbili. Waliorudiwa mapema, dawa ileile haikuwafaa tena. Waliorudiwa baada ya muda mrefu walitibika kwa dawa ya zamani kama wagonjwa wapya. G6PD ilionyesha sababu inayowezekana: uvimbe uliochelewa ulipopimwa, ulikutwa wakati mwingine ni wa aina nyingine kabisa na ule wa kwanza. Haukuwa umerudi. Ulikuwa uvimbe mpya, kutoka chembe nyingine, ndani ya mtoto yuleyule ambaye bado anaishi penye mbu walewale.

Waliorudiwa mapema walikuwa na hadithi ya ukaidi. Chembe za saratani hii huongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili. Hakuna saratani ya binadamu inayokua upesi kuliko hii. Dawa huua zinazogawanyika, ndiyo maana uvimbe hunywea haraka hivyo. Lakini katika mamilioni hayo huwemo chache zilizokwisha haribikiwa na jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuiamuru chembe iliyojeruhiwa ife. Amri isiposikika, sumu ya dawa hupita bure. Nyingine hukimbilia kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa za mshipani hazifiki vizuri, na kutoka huko huteremka tena. Madaktari wa Mulago na Nairobi walijifunza kuingiza dawa moja kwa moja mgongoni kwa sindano, muda mrefu kabla ya maabara kueleza ni kwa nini.

Na chembe ile moja ya mwanzo ilipotokaje? Mwaka 1972 Manolov na Manolova, waliokuwa wakifanya kazi Sweden, waliona kipande cha ziada kwenye kromosomu ya 14 ya chembe za uvimbe huu. Mwaka 1976 Lore Zech na kundi la Klein walionyesha kipande hicho kimetoka kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 maabara za Marekani zikasoma kilichomo: jeni ya MYC, iliyokuwa tayari inajulikana kutokana na kirusi cha kuku. MYC huiambia chembe igawanyike. Kwa kawaida huamka na kulala. Ilipohama, ilitua kando ya jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo katika chembe hizi hailali kamwe.

Mtu wa delta hahitaji mfano wa mbali kulielewa hili. Katika karne ya 19 watu wa Sultani wa Witu walichimba kwa mikono mfereji mwembamba wa Belezoni, ili mitumbwi ivuke kutoka Tana kuingia Mto Ozi. Mafuriko yakaja, Tana ukaona njia fupi, ukaingia mzima. Leo maji yake humwagika baharini Kipini. Mfereji haukuongeza tone moja, ulibadilisha yanakopita. MYC ya mtoto mgonjwa nayo ni ileile aliyozaliwa nayo, ila iko palipo na mkondo usiokauka.

Mchimbaji wa mfereji huu ni malaria, na ilichukua hadi miaka ya karibuni kumkamata. Vimelea vinaposhambulia mfululizo, chembe za kingamwili hulazimika kuongezeka usiku na mchana. Ili zitengeneze kingamwili bora hutumia kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho hukata DNA yao wenyewe kwa makusudi na kuiunga upya. Ni mkasi hatari. Mwaka 2015 watafiti wa New York walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu huufanya mkasi huo ukate pasipotakiwa, na limfoma ikazuka. Kirusi cha Epstein-Barr hukamilisha kazi: chembe yenye MYC iliyopandishwa ingepaswa kujiua, lakini kirusi huizuia. Tena, ndani ya uvimbe huu kirusi hunyamazisha karibu protini zake zote, kikabakisha moja tu, EBNA1, ambayo askari wa mwili huiona kwa shida. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao waliofanya kazi Kisumu walikuta watoto wenye saratani hii wamepungukiwa hasa na askari wa kuitambua EBNA1.

Baadhi ya chembe zilizotoka Nairobi hazikufa hata leo. Ukiingia maabara ya saratani Tokyo au Boston utakuta kwenye friji chupa iliyoandikwa Daudi, jina la aina ya chembe zilizotokana na uvimbe wa mvulana wa Kenya na kukuzwa na Eva Klein mwishoni mwa miaka ya 1960. Zimejaribiwa kwa dawa nyingi, ikiwemo daratumumabu, inayotumiwa sasa kutibu saratani ya uboho kwa bei ambayo mkulima wa mpunga wa Tana hawezi hata kuiulizia. Neno Daudi husomwa na wanasayansi wasiojua kwamba ni jina la mtu.

Huku kwetu mambo hayajaenda kwa kasi ya ndege ile ya Nairobi na Stockholm. Kumbukumbu za hospitali za Kenya zimethibitisha ramani ya zamani: huu ni ugonjwa wa kandokando ya Ziwa Viktoria na wa Pwani. Katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanaougua limfoma hii hupona. Afrika ni nusu au pungufu, na sababu kubwa si ukaidi wa chembe bali ni kuchelewa, dozi zisizokamilishwa na nauli. Kutoka Kulesa mtoto hupitia Ngao, kisha Malindi, kisha Hospitali ya Rufaa ya Pwani, Mombasa. Barabara ikizama, safari huanza kwa mtumbwi. Chanjo za malaria, zilizojaribiwa Kilifi miongoni mwa mahali pengine, zilianza kutolewa Kenya mwaka 2019 katika kaunti za Ziwa.

Kwa hiyo, wewe mwenye mtoto wa kati ya miaka 3 na 10 katika bonde hili: jino la mtoto likilegea kabla ya wakati wake na ufizi umevimba, au taya limejaa upande mmoja bila maumivu ya jipu, usikubali jino ling'olewe tu na mtoto kurudishwa nyumbani. Uliza kama ni uvimbe, na uombe kipande kichukuliwe kipelekwe maabara. Nenda wiki hiyohiyo. Uvimbe huu huongezeka maradufu kwa siku moja hadi mbili.